Ada nafuu katika chuo binafsi cha uhandisi: pengo linazibwa na nani?

Kumfundisha mhandisi ni shughuli ghali. Mwanafunzi wa historia akipata mhadhiri mzuri, maktaba na chumba chenye mwanga, mambo yake mengi yamekamilika. Wa uhandisi anahitaji hayo yote, kisha anahitaji karakana yenye mashine za kukereza na kuchomelea, maabara ya umeme, mtambo wa kupima nguvu ya zege, kompyuta zenye uwezo, mafundi sanifu wa kuvitunza vyote hivyo, na vifaa vinavyoisha kila muhula: saruji, nondo, waya, vipuri. Chuo cha serikali kinabebwa na bajeti ya umma. Chuo binafsi, kwa sehemu kubwa, kinaishi kwa ada ya wanafunzi wake. Basi chuo binafsi kikitangaza ada ndogo kuliko wenzake wote, hesabu inabaki na pengo, na lazima yupo anayeliziba.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na wapo ambao wakisikia "chuo binafsi cha bei nafuu" huishia hapo. Naona wanawahi mno. Wengine huwahi upande wa pili: wanaona ada, wanaona neno "Teknolojia" kwa herufi kubwa getini, wanalipa. Wote wameliruka swali moja lenye jibu: unafuu huu umetoka wapi? Ukishalijua jibu, sehemu kubwa ya faida na hasara za chuo hicho utakuwa umeshaziona.

Unafuu una vyanzo vyake

Chanzo bora kuliko vyote ni mfadhili aliyeacha mali. Mwaka 1859 Peter Cooper, mwenye viwanda wa Marekani, alianzisha Cooper Union jijini New York, chuo binafsi ambacho kina shule ya uhandisi, na kwa zaidi ya karne moja wanafunzi waliodahiliwa hapo walisoma bila kulipa ada. Kilichowalipia ni rasilimali za chuo, ikiwemo ardhi ambayo juu yake limesimama jengo maarufu la Chrysler. Ubure huo haukukifanya kiwe chuo hafifu. Kuingia kulikuwa kugumu kuliko vyuo vingi vya kulipia. Chuo cha uhandisi cha Olin, kilichoanzishwa mwaka 1997 katika jimbo la Massachusetts kwa fedha za mfuko wa F. W. Olin, kilianza vivyo hivyo: kila aliyeingia alipewa ufadhili wa ada nzima.

Lakini hata mali ya urithi huyumba. Baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008, Olin ilipunguza ufadhili huo hadi nusu ya ada, na Cooper Union ikaanza kuwatoza wanafunzi wapya mwaka 2014. Ikiwa vyuo vyenye mali kiasi hicho vililazimika kubadili mahesabu, chuo kidogo kisicho na akiba kinaweza kubadili yake wakati wowote. Uhandisi ni miaka minne au mitano, na ada unayoonyeshwa mara nyingi ni ya mwaka wa kwanza. Uliza kama imefungwa kwa kipindi chote, na jibu lije kwa maandishi ndani ya barua ya udahili. Mwanafunzi aliyefika mwaka wa tatu hana pa kukimbilia, na mweka hazina wa chuo analijua hilo.

Chanzo cha pili ni ubanaji halali wa matumizi. Chuo kina fani mbili au tatu badala ya kumi na mbili. Hakina uwanja wa michezo, hakina kituo cha utafiti, hakina jengo la utawala la ghorofa saba. Maabara moja inatumiwa na kundi la asubuhi, la mchana na la jioni, kwa hiyo mashine iliyonunuliwa mara moja inafanya kazi siku nzima. Unafuu wa namna hii naupenda, kwa sababu kilichokatwa hakikuwa na uhusiano mkubwa na kumfanya mtu awe mhandisi.

Chanzo cha tatu ni wingi. Ada ndogo ikizidishwa kwa vichwa vingi inakuwa fedha nyingi. Katika somo la hisabati wingi unavumilika: hadhira ya watu mia tatu ikipata mwalimu mzuri inaweza kuelewa milinganyo tofautishi. Katika maabara hauvumiliki. Kundi la wanafunzi wanne likizunguka mtambo mmoja, kila mmoja ataushika. Kundi likiwa la ishirini, mmoja anashika, watatu wanaandika namba, waliobaki wananakili jioni. Mwisho wa mwaka ripoti zote ishirini zinafanana na zote zimepata alama.

Cha nne ni kukata nyama badala ya mafuta: wahadhiri wa kulipwa kwa saa peke yao, wahitimu wa mwaka jana wakifundisha mwaka wa tatu, mashine zilizonunuliwa kwa ajili ya siku ya ukaguzi.

Na cha tano si unafuu hata kidogo. Ada ni ndogo kwenye tangazo, kisha inakuja michango ya maabara, ya mtihani, ya usajili wa kila muhula, ya kurudia somo, ya mradi wa mwisho, ya mahafali. India ina historia ndefu ya jambo hili. Kuanzia miaka ya 1980 majimbo kama Karnataka, Maharashtra na Tamil Nadu yaliruhusu vyuo binafsi vya uhandisi kwa wingi, na pamoja navyo ukaenea mtindo wa kudai donge la fedha kwa ajili ya nafasi, mbali na ada rasmi. Mwaka 1992, katika shauri la Mohini Jain, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisema malipo hayo ni kinyume cha sheria. Mwaka 2002 jopo la majaji 11 katika shauri la T.M.A. Pai lilikubali kwamba chuo binafsi kina haki ya kupanga ada inayokiwezesha kujiendesha na kukua, ila kisijigeuze biashara ya kuvuna faida wala kudai donge la mlangoni. Mipaka hiyo miwili ni kipimo kizuri popote. Omba orodha ya malipo yote hadi siku ya kuhitimu, jumlisha mwenyewe, ndipo ulinganishe na chuo kingine.

Mihuri mitatu inayochanganywa

Hapa ndipo watu wengi hupotea, na sishangai, kwa sababu vyuo vyenyewe huyachanganya makusudi. Kuna mambo matatu tofauti: chuo kuruhusiwa kufundisha, programu (yaani kozi moja ya shahada) kupewa ithibati, na mtu kusajiliwa kuwa mhandisi.

Kibali cha kufundisha kinatolewa na mamlaka inayosimamia elimu ya juu. Maana yake ni kwamba chuo kipo kisheria na cheti chake si karatasi ya bandia. Chuo kikiandika "kimesajiliwa na kutambuliwa rasmi," mara nyingi kinasema hilo tu.

Ithibati ya programu ni jambo jingine. Katika uhandisi kinachokaguliwa kwa kawaida ni programu moja moja, wala si chuo kizima. ABET ya Marekani, mojawapo ya vyombo vikongwe katika kazi hii (mizizi yake ni ya mwaka 1932), inatoa ithibati kwa programu, na ukaguzi kamili unarudiwa angalau kila baada ya miaka sita. Kwa hiyo chuo kinaweza kuwa na ithibati ya uhandisi ujenzi na kisiwe nayo kwa uhandisi mitambo, mlango wa pili tu kwenye korido hiyo hiyo. Tangazo litasema "chuo chenye ithibati" na halitakuwa limedanganya. Wewe uliza: programu hii, kwa jina hili, kwenye kampasi hii, ithibati yake inaisha lini?

Programu mpya zina mtego wake. ABET haitoi ithibati kabla programu haijatoa angalau mhitimu mmoja. Mantiki yake inaeleweka, kwani huwezi kupima matokeo ya mafunzo ambayo hayajatoa mtu. Lakini ina maana kwamba wanafunzi wa awamu ya kwanza wanasoma miaka yote bila uhakika. Chuo kipya cha ada nafuu kikikuambia ithibati "iko njiani", huenda ni kweli tupu, na bado hatari ni ya kwako.

Muhuri wa tatu ni wa mtu binafsi. Nchi nyingi zina bodi inayosajili wahandisi, na bila usajili huwezi kutia saini michoro ya daraja au jengo. Bodi hiyo inaangalia shahada yako ilitoka kwenye programu gani. Ikiwa programu haimo kwenye orodha yake, utaambiwa ufanye mitihani ya ziada, usome upya, au usahau. Kabla ya kulipa chochote, iandikie bodi au fungua orodha yake. Usimuulize afisa udahili wa chuo. Mshahara wake unategemea wewe kujiunga.

Anayefikiria kufanya kazi nje ya nchi aongeze swali moja. Mkataba wa Washington, uliotiwa saini mwaka 1989 na vyombo vya Marekani, Kanada, Uingereza, Ireland, Australia na New Zealand, unawafanya wanachama watambuane: programu ya shahada ya uhandisi iliyopewa ithibati na mmoja inahesabiwa kuwa sawa kwa kiwango na ya mwingine. Afrika Kusini iliingia mwaka 1999, India mwaka 2014, China mwaka 2016. Lakini nchi kuwa mwanachama hakumaanishi kila chuo chake kimebebwa. India ina ngazi mbili za ithibati, na ni ngazi ya kwanza tu, ile ya taasisi zenye mamlaka ya kujipangia mitaala, inayotambuliwa chini ya mkataba huo. Vyuo binafsi vingi vya bei nafuu vilivyo chini ya vyuo vikuu vikubwa viko ngazi ya pili. Muhuri wao ni halali nyumbani, ila hauvuki mpaka kwa njia hiyo.

Tena kuna jina la shahada. Mikataba ya Sydney (2001) na Dublin (2002) inafanya kazi hiyo hiyo kwa wanateknolojia wa uhandisi na kwa mafundi sanifu. Shahada ya "teknolojia ya uhandisi" si ndugu mdogo wa kudharauliwa. Ni taaluma yenye kazi zake, mara nyingi kazi nyingi. Lakini inaweza kukupeleka kwenye daraja tofauti la usajili, na baadhi ya vyuo huliweka neno "uhandisi" mbele kwa herufi nene na lile jingine kwa herufi ndogo. Soma jina lote.

Nenda siku ya kawaida

Siku ya wazi ya chuo kila kitu kinang'aa. Nenda Jumatano ya katikati ya muhula, bila kualikwa ukiweza, na uombe kuona maabara.

Huhitaji kuwa mhandisi ili uone mambo. Chini ya mashine ya kukereza inayotumika kuna vinyuzi vya chuma na harufu ya mafuta; isiyotumika ina vumbi, au bado ina nailoni ya kiwandani. Mashine ya kuponda zege inapaswa kuwa na lebo inayoonyesha ilisawazishwa lini. Kama tarehe ni ya miaka sita iliyopita, namba inazotoa ni za kubahatisha. Kama wanafundisha uhandisi ujenzi, ulizia tangi la kulowekea zege. Jaribio la kawaida la nguvu ya zege linatumia vipande vya mchemraba, kwa mfano vya milimita 150 kila upande, vinavyolowekwa majini na kupondwa siku ya 7 na siku ya 28. Ina maana kwamba katikati ya muhula, chuo kinachofundisha kwa dhati kitakuwa na vipande majini, vimeandikwa tarehe na namba za makundi. Tangi kavu linaeleza mengi kuliko kitabu cha matangazo.

Kisha mtafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Kumuuliza kama chuo ni kizuri hakusaidii, kwani kila mtu hutetea alikolipa. Muulize jaribio la mwisho alilofanya kwa mikono yake lilikuwa lipi, na walikuwa wangapi kwenye kundi. Muulize mhadhiri gani hajaonekana muhula huu.

Kuhusu wahadhiri, omba orodha ya waajiriwa wa kudumu wa idara moja, kwa majina, na ulinganishe na idadi ya wanafunzi wa idara hiyo. Chombo cha India kinachosimamia elimu ya ufundi, AICTE, kinataka angalau mhadhiri mmoja kwa wanafunzi 20 katika shahada za kwanza za uhandisi. Zamani kilitaka mmoja kwa 15. Kiwango hicho si kitakatifu, ila kinakupa pa kuanzia. Na uthibitishe kwamba watu hao wapo kweli. Mwaka 2024 huko Tamil Nadu iliibuka kashfa ya majina yale yale ya wahadhiri kuorodheshwa kwenye vyuo vya uhandisi zaidi ya kimoja kwa wakati mmoja, ili kila chuo kionekane kimetimiza idadi. Mkaguzi aliona orodha imejaa. Wanafunzi waliona viti vitupu.

Niseme hapa kwamba mhadhiri wa muda si tatizo kwa asili yake. Mhandisi wa kiwandani anayekuja mara moja kwa wiki kufundisha mifumo ya udhibiti anaweza kuwa mwalimu bora kuliko daktari wa falsafa ambaye hajawahi kugusa paneli ya umeme. Tatizo linakuja idara nzima ikiwa ya watu wa namna hiyo. Mradi wa mwaka wa mwisho unahitaji msimamizi unayeweza kumgongea mlango, na barua ya mapendekezo ya shahada ya uzamili inahitaji mtu anayekujua kwa zaidi ya namba ya usajili.

Fani ina uzito kuliko watu wanavyodhani

Swali "chuo hiki kinafaa?" halina jibu mpaka useme unasoma nini.

Uhandisi wa kompyuta umeshuka gharama zake za kufundishia kuliko fani nyingine. Kompyuta ya wastani, intaneti na muda vinatosha kwa sehemu kubwa ya mtaala. Elektroniki inafuatia kwa karibu: vidhibiti vidogo na vipuri ni rahisi, programu ya kompyuta ya KiCad ya kusanifu saketi ni ya bure, na nyingine ya bure, GNU Octave, inafanya hesabu nyingi ambazo zamani zilihitaji leseni ghali. Nadharia nayo imefunguliwa. Chuo cha teknolojia cha MIT cha Marekani kilitangaza mwaka 2001 kwamba kitaweka masomo yake mtandaoni bure, na taasisi za teknolojia za IIT za India zikafuata na NPTEL, mpango wa masomo ya mtandaoni ambao una mihadhara kamili ya karibu kila fani ya uhandisi. Mwanafunzi mwenye bidii katika chuo cha ada nafuu anaweza kujifunza mashine za umeme kutoka kwa walimu bora duniani akiwa kitandani kwake.

Hakuna video inayokufundisha hisia ya kuchomelea, lakini. Uhandisi mitambo, ujenzi, kemikali na migodi vinadai vitu vikubwa, vizito, vinavyokula umeme na kuharibika. Huko, karakana dhaifu inakunyima kitu ambacho huwezi kujinunulia. Kwa hiyo mimi ningekuwa mwepesi kukubali chuo nafuu kwa uhandisi wa kompyuta, mgumu kiasi kwa umeme, na mgumu sana kwa uhandisi kemikali, hata kama ni chuo kile kile chenye uongozi ule ule.

Upungufu mwingine wa vyuo hivi, yaani mabweni ya kubanana, michezo michache na maktaba ndogo, unaudhi lakini hauharibu mhandisi. Nisingeupa nafasi kubwa kwenye mizani.

Namba za ajira

Chuo kitakuambia asilimia 90 ya wahitimu wake wanaajiriwa. Chukua mfano wa kubuni. Wanafunzi 200 waliingia mwaka wa kwanza. 130 walimaliza kwa wakati. Kati yao 60 walijiandikisha kwenye ofisi ya ajira ya chuo, wengine wakitafuta wenyewe au wakikata tamaa. 54 walipata kazi. Hiyo ni asilimia 90 ya waliojiandikisha, na ni asilimia 27 ya walioingia. Namba zote mbili ni sahihi. Tangazo limechagua moja. Wastani wa mshahara nao una ujanja wake: mhitimu mmoja aliyeajiriwa na kampuni kubwa ya nje anaupandisha peke yake. Omba mshahara wa mtu wa katikati, yule ambaye nusu ya wenzake wanapata zaidi yake na nusu pungufu. Halafu uliza ni wangapi wanafanya kazi ya uhandisi, maana kupokea simu za wateja wa kampuni ya mtandao pia huhesabiwa "ajira katika sekta ya teknolojia".

Hapo linakuja swali gumu zaidi: jina la chuo lina thamani gani? Wachumi Stacy Dale na Alan Krueger walichapisha mwaka 2002 utafiti wa Marekani uliosumbua imani za wengi. Waliwalinganisha watu waliokuwa wamekubaliwa na vyuo vinavyofanana kwa ugumu wa kuingia, lakini baadhi wakaenda chuo cha juu na wengine wakachagua cha kawaida. Miaka mingi baadaye mapato yao kwa jumla yalikaribiana. Ilionekana kwamba uwezo na ari ya mwanafunzi vilifanya kazi kubwa kuliko geti alilopitia.

Habari njema kwa anayefikiria chuo nafuu, mpaka ufike sehemu ya pili ya matokeo yao. Wanafunzi kutoka familia zenye kipato kidogo walikuwa tofauti: wao walifaidika waziwazi kwa kwenda chuo cha juu. Maelezo yanayokubalika ni kwamba mtoto wa mwenye nafasi tayari ana mjomba wa kumpigia simu. Asiye na mjomba huyo, chuo ndicho kinampa watu. Na asiye na mjomba ndiye hasa anayevutwa na ada ndogo. Utafiti huo haukuwa wa uhandisi peke yake, wala haukuhusu vyuo dhaifu kupindukia, lakini mvutano uliouonyesha nauona ni wa kweli. Kama wewe ndiye wa kwanza katika familia kuingia chuo, mafunzo kwa vitendo viwandani ni jambo la kuulizia kuliko yote: ni kampuni zipi zilipokea wanafunzi mwaka jana, na nani aliyezitafuta, chuo au mwanafunzi mwenyewe? Chuo kidogo chenye mratibu mmoja mkali anayejulikana viwandani kinaweza kuziba pengo la jina. Kinachokupa barua ya "yeyote anayehusika" na kukuacha utembee mwenyewe hakikusaidii.

Upande wa pili wa mizani kuna deni. Mhitimu asiye na deni anaweza kukubali nafasi ya mafunzo yenye posho ndogo katika kampuni nzuri, anaweza kukaa miezi akitengeneza kitu chake, anaweza kukataa kazi mbovu. Mwenye mkopo mkubwa anachukua ya kwanza iliyopita mbele yake. Uhuru huo ni faida ambayo haimo kwenye kitabu cha matangazo cha chuo chochote, na kwa maoni yangu ndiyo hoja nzito kuliko zote upande wa ada ndogo. Inasimama, hata hivyo, pale tu muhuri wa programu unapokuwa halali. Shahada nafuu isiyokusajili ni ghali kuliko ya bei kubwa inayokusajili.

Chuo kinaweza kufungwa

Mwezi Aprili 2015 kampuni ya Corinthian Colleges ya Marekani ilifunga vyuo vyake vya mwisho na kuwaacha wanafunzi wapatao 16,000. Septemba 2016 ikafuata ITT Technical Institute, iliyokuwa na kampasi zaidi ya 130 na iliyofundisha, pamoja na mengine, teknolojia ya elektroniki. Serikali ilikuwa imeizuia kudahili wanafunzi wapya kwa kutumia misaada ya umma. Vyuo hivyo havikuwa vya bei nafuu, kwa hiyo ada kubwa si kinga. India nako kamati iliyoongozwa na B.V.R. Mohan Reddy ilipendekeza mwaka 2018 visianzishwe vyuo vipya vya uhandisi kuanzia 2020, kwa kuwa viti vingi vilikuwa vitupu.

Viti vitupu ndiyo dalili ya kuangalia. Chuo cha ada ndogo kinaishi kwa kujaa. Kikianza kukosa wanafunzi miaka miwili mfululizo, kinapunguza wahadhiri, ubora unashuka, na mwaka unaofuata kinapata wachache zaidi. Uliza programu yako ilidahili wangapi kwa kila mwaka wa miaka mitatu iliyopita. Fani ikifungwa katikati, chuo makini kitakuwa na utaratibu ulioandikwa wa kuwamalizisha waliopo au kuwahamishia chuo kingine kwa makubaliano.

Aliyekwisha kujiunga hana haja ya kujilaumu wala kuhama kesho asubuhi, lakini akusanye karatasi. Kila muhula chukua matokeo yenye muhuri, na pamoja nayo maelezo kamili ya kila somo: mada, saa za mihadhara, saa za maabara, vitabu. Hifadhi ripoti zako za maabara. Chuo kinachokupokea kinalinganisha somo kwa somo, na pale ambapo hakina maelezo hayo, kitakurudisha ulisome upya na ulilipie tena. Bodi ya wahandisi nayo huweza kudai karatasi hizo hizo. Kuzipata ofisi ikiwa wazi ni suala la kuomba kwa msajili na kungoja kidogo. Ikishafungwa, unaanza kutafuta nani amekabidhiwa kumbukumbu.